Mashine Yetu na Neno la Mtani

Viatu niliviona. Vilikuwa viatu vyeusi vya kamba, vya kiume, vimelika kisigino, na vilikuwa vinatembea chini ya lile dude lililokuwa linakitetemesha kijiji kizima. Dude lenyewe lilikuwa sanduku la bati, refu kuliko mlango, lina taa moja kifuani na mikono ya bomba. Lilikuwa kwenye shuka jeupe la sinema lililotundikwa kwenye ukuta wa ghala, likimfuata mwanamke wa Kizungu aliyekuwa anapiga kelele bila kukimbia sana. Nikamgusa wifi yangu aliyekaa pembeni.

"Wifi, hebu ona miguu. Mle ndani mna mtu."

Wifi alikuwa amejifunika kanga mpaka puani. "Nyamaza, litakusikia."

Majina ya waliokuwepo jioni ile ninayo yote. Najua nani alilia, nani alimkanyaga bibi wa jirani akitafuta pa kupita, na mbwa aliyebweka nalijua jina lake pia. Siyaandiki. Watoto wao wapo, tunakutana sokoni, na mimi bado nanunua mboga kwao.

Wakati ule habari ilikuwa ya vijiji vya ujamaa. Sisi wa milimani hatukuhamishwa mbali, maana nyumba zetu zilikuwa zimeshabanana tangu mababu. Tulichoambiwa ni kwamba tulime shamba moja kwa pamoja, na kijiji kikijipanga vizuri kitapata vitu: zahanati, bomba la maji, mashine ya kusaga. Wanaume walitaka bomba lianze, ingawa sijawahi kuwaona wakibeba ndoo. Sisi wanawake tulitaka mashine.

Asiyetwanga hajui. Mahindi unayakoboa, unayaloweka, unayatwanga, unachekecha, yale yaliyobaki kwenye chekeche unayarudisha kinuni, na watoto wanauliza ugali uko wapi. Mashine ya karibu ilikuwa Soni, ya mtu binafsi. Kushuka Soni si kazi. Kazi ni kupanda na debe kichwani, mvua inakupiga na njia imekuwa kama sabuni.

Mimi nilikuwa na sababu yangu zaidi ya mgongo. Shule nilitolewa darasa la pili, mama alipojifungua mapacha, nikawa mlezi wao. Nilipokuwa mke wa mtu na mama wa watoto ndipo kisomo cha watu wazima kikaja, alasiri, kwenye baraza ya shule. Nilikwenda mwanzo nikaonja. Nilikuwa naweza kusoma jina langu na maneno mafupi. Maneno marefu nilikuwa naanza nayo vizuri, yananitoroka katikati. Mwalimu alisema atatupima, na atakayeweza atapanda darasa la juu. Asiyeweza basi, maana kitabu cha mwanzo hakitarudiwa, mwalimu anahamishiwa kwingine.

Sasa saa ya kisomo ndiyo ilikuwa saa ya kutwanga. Mama mkwe hakunikataza hata siku moja. Alikuwa ananiambia kwa upole, "Nenda mwanangu, ukimaliza kutwanga." Nikimaliza kutwanga, nikinawa, nikikimbia, nawakuta wenzangu, wifi yangu akiwemo, wanatoka, wanacheka, wamekwisha soma ukurasa mwingine. Mume wangu alikuwa Korogwe kwenye mkonge, anakuja mwisho wa mwezi, na mambo ya kinu hayakumhusu.

Kwa hiyo tuliposikia kwamba mashine inakuja kweli, nilibeba mawe kama punda. Wanawake wote tulibeba, kutoka mtoni mpaka juu, mawe ya msingi wa nyumba ya mashine. Kiwanja alitoa baba mkwe wangu, tena kwa moyo mweupe. Alikuwa mzee wa ukoo, mtu wa kofia na fimbo, asiyependa maneno mengi. Watu walimsifu naye akasema, "Si kwa ajili yenu. Nimechoka kula unga wenye mchanga wa kinu."

Nyumba ilipoezekwa ndipo gari la sinema likapita.

Kwanza tulionyeshwa filamu ya kilimo. Ilikuwa ya kuchimba matuta milimani udongo usichukuliwe na mvua. Wazee walianza kuguna. "Matuta tena!" mmoja akasema kwa sauti. "Tumemfukuza Mzungu na matuta yake, sasa yanarudi kwenye shuka." Watu wakacheka, na yule mtu wa sinema, aliyekuwa na kipaza sauti mkononi, akaona kijiji kinamponyoka. Akasema anayo filamu nyingine, ya kuchangamsha, ameiazima Tanga.

Ndiyo hiyo ya dude la bati. Watu wa mle ndani walikuwa wanasema Kiingereza na mtu wa sinema alikuwa anatufasiria kwenye kipaza sauti, na nina hakika mengine aliyatunga, maana Mzungu anafungua mdomo kidogo yeye anasema maneno mpaka chai inapoa. Kisa chenyewe kilikuwa hivi: profesa mmoja ametengeneza mashine yenye akili, impikie, imfungulie mlango, imhesabie mambo yake. Mashine ikajifunza. Ikajifunza zaidi. Ikaona watu ni wajinga na wachafu, na haina haja nao. Ikafunga milango. Ikamuua mpishi kwa mvuke wa jikoni, ikamuua mlinzi, ikaanza kumsaka mke wa profesa chumba kwa chumba, na sauti yake ilikuwa nzito, ya polepole, kama ya mtu aliyejifunika blanketi.

Nilikasirika kuliko nilivyoogopa. Mashine ina waya mnene unaotoka mgongoni mpaka ukutani, sote tunauona, na hakuna hata mmoja mle ndani aliyewaza kuuvuta. Yule mwanamke alikuwa anatoka chumba chenye dirisha wazi anaingia kile chenye dude. Ukuta ulitikisika mlango ulipofungwa, kwa hiyo haukuwa ukuta, ulikuwa karatasi. Na viatu vile! Siku hizi wajukuu wananiambia mashine za kufikiri zipo kweli, unaziuliza zinakujibu. Sawa, na ziwepo. Mimi huwauliza, inasaga? Wanacheka.

Nirudi pale. Mtu wa sinema alikuwa Mzigua wa Handeni, na Mzigua kwetu ni mtani. Mtani atakuita mwizi kwenye msiba wa baba yako, atabeba sufuria ya wafiwa aondoke nayo mpaka apewe kitu, na wewe utacheka huku machozi hayajakauka. Alipoona tumekazana kuogopa, akashindwa kujizuia.

"Wasambaa!" akasema kwenye kipaza sauti. "Mnatetemeka nini? Huyu si wa Ulaya, huyu ni wenu. Anakuja kwa lori. Ile nyumba mpya mliyojenga pale mlidhani ya nani? Na ataanza na yule mzee mwenye kofia pale mbele, amvunje vunje, amsage, awape dona!"

Watu walilipuka kwa kicheko. Baba mkwe akainua fimbo bila kugeuka. "Atasaga Mzigua kwanza, apate makapi!"

"Mimi mifupa mitupu, babu. Wewe umenenepa kwa maharage!"

Ilikuwa jioni nzuri, siwezi kusema uongo. Kisha ukungu ukashuka, mvua nyuma yake, na sote tukakimbia. Mtu wa sinema akakunja shuka lake haraka haraka kabla njia haijaharibika, akaondoka. Sisi wanawake hatukuwaza lolote. Lakini kwa wazee kitu kilikuwa kimekosewa. Mtani akitania kifo au kuumia kwa mtu aliye hai, kabla hawajaachana hupewa kitu kidogo, hata kiberiti, naye huchukua maji kinywani, huyapuliza chini, neno limekwisha. Mvua ile iliwafanya wote wasahau, aliyesema na aliyesemwa.

Lori likaja na mashine. Tulipiga vigelegele mpaka koo zikauma. Baba mkwe akasimama nyuma ya lori kumwelekeza dereva, kwa sababu kiwanja ni chake na ndivyo alivyo. "Njoo, njoo, njoo bado," anasema huku anarudi kinyumenyume, na nyuma yake kulikuwa na mtaro tuliouchimba wa maji ya mvua. Akaanguka humo. Mguu ukavunjika.

Aliguswa na mtaro tu. Mashine ilikuwa bado juu ya lori, imefungwa kamba. Lakini kabla mganga wa mifupa hajamaliza kufunga vijiti, wazee walikuwa wamekwisha kutazamana. Mzigua alisema atamvunja. Amevunjika. Alisema na kusaga. Je, ikiwashwa?

Fundi akaifunga mashine juu ya saruji, akaweka mkanda, akatia dizeli. Akaambiwa asubiri. Akauliza asubiri nini. Akaambiwa neno la mtani litenguliwe.

"Hii ni injini," fundi akasema. "Haijui Kizigua."

Hakuna aliyecheka. Katibu wa kijiji, kijana aliyetoka Lushoto, akajaribu naye. Akawaambia wazee kwamba mashine ni chache, vijiji ni vingi, na mashine isiyofanya kazi itapelekwa kwa wanaoitaka. Wazee wakasema wamemsikia. Kusikia kwetu hakuna haraka.

Mimi nilidhani viatu vitatosha. Nilidhani baba mkwe akijua kwamba lile dude lilikuwa mtu ndani ya bati, jambo zima litaanguka. Tatizo ni kwamba mkwe wa kike, zama zile, hasemi na baba mkwe uso kwa uso. Unainama, unaamkia shikamoo kwa mbali, unapita. Kubishana naye ni aibu ya ukoo mzima. Yeye alikuwa amelala chumba cha nje na mguu wake, na mbuzi alikuwa amefungwa dirishani pake. Nikaenda kumpa mbuzi majani.

"Mbuzi wewe," nikasema kwa sauti, "bahati yako hukuona sinema. Ungeona viatu chini ya lile bati, ungejua mle ndani ni mtu amevaa sanduku."

Kisha kikohozi ndani.

"Mbuzi," baba mkwe akasema, "mwambie anayekulisha kwamba viatu niliviona. Mimi si kipofu. Kimoja kilikuwa kimelegea kamba."

Majani yakaniponyoka.

"Basi, mbuzi, kama mtu aliviona, anaogopa nini?"

"Haogopi bati. Mwambie hivyo. Bati halikusema neno. Neno alilisema Mzigua, kwa mdomo wake, mbele ya watu wote, na halikupulizwa. Mguu ni wangu. Nikisema washa, na kesho mkono wa mtoto wa mtu ukanaswa kwenye mkanda, mama yake atakuja kulia mlangoni kwa nani? Kwa mbuzi?"

Nilikuwa na hasira tele na mahali pa kuiweka hapakuwepo, maana alikuwa na sababu, na sababu yake ilikuwa inanifungia mlango wa shule kila alasiri.

"Basi Mzigua na aletwe," nikamwambia mbuzi.

"Na aletwe," akasema. "Nani amekataa?"

Tulisikia gari la sinema liko Bumbuli. Nikamwomba ruhusa mama mkwe, nikatoka na wifi alfajiri, tukakata milima kwa miguu. Tulimkuta mtu wa sinema sokoni, amekaa kwenye ngazi ya gari lake anakula mahindi ya kuchoma. Wifi akaanza, maana yeye mtani hamwogopi.

"Wewe Mzigua! Umekula mguu wa baba yangu na sasa unakula mahindi!"

Akacheka mpaka akakohoa. "Shemeji, karibu. Mguu gani?"

Tulipomweleza, kicheko kikamtoka usoni. Alijua. Wazigua nao wana wazee. "Kumbe sikupuliza," akasema. "Ile mvua. Jamani, pole yake mzee."

"Pole haisagi mahindi," nikamwambia. "Njoo uitengue."

"Dada yangu, gari si langu. Kesho Bungu, kisha nashuka Muheza, na nikikosekana mahali wananiandika. Lakini nitapita kwenu nikirudi Lushoto, naapa."

"Lini?"

"Nikirudi."

Akaona uso wangu. Akasema basi, nipeni kiberiti, nitengue hapa hapa, mkawaambie. Wifi akatoa kiberiti pindoni mwa kanga. Akachukua maji ya kwenye chupa, akayapuliza chini pale sokoni, akasema lile neno lilikuwa la mdomo tu, liende na maji. Watu wa Bumbuli wakatushangaa. Nilirudi njia nzima nikiruka mawe kama msichana, wifi nyuma yangu ananiambia nisubiri.

Wazee walikaa, wakatusikiliza mpaka mwisho, wakatushukuru kwa safari. Kisha mkubwa wao akasema, "Neno lilisemwa hapa mbele ya watu wote. Mnasema limetenguliwa Bumbuli, mbele ya wauza nyanya. Mtani akija, mlango uko wazi."

Wifi akafungua mdomo. Mama mkwe akambana mkono.

Kuanzia hapo kazi ikawa kusubiri. Alasiri natwanga, na kila mchi ukishuka natazama barabara. Nilikuwa nawasikia wenzangu kwenye baraza ya shule wakiimba silabi kwa pamoja, na mimi nazisema kimoyomoyo kufuata mchi, lakini kusikia silabi si kuziona. Fundi alirudi akaikuta mashine chini ya turubai kama alivyoiacha. Hakugomba. Alikwenda kusema kwa wakubwa wake, na lori likaja tena kuichukua.

Siku ile wanawake tulisimama barabarani. Mama mkwe wangu, yule yule wa ukimaliza kutwanga, aliingia kwenye nyumba ya mashine akakaa juu ya mashine yenyewe, na kanga yake mpya. "Nibebeni nayo," akawaambia. "Huko inakokwenda nitakuwa nakula unga laini." Watu wa lori waliona haya kumgusa. Alishuka kwa sababu baba mkwe alimtumia mtu kumwambia ashuke, anamtia aibu. Akashuka, akapita kati yetu bila kumtazama mtu. Ilipelekwa kijiji cha ng'ambo ya bonde. Upepo ukiwa wa kuja kwetu tuliisikia inapiga, tu-tu-tu-tu, na wanawake wa huko tuliwaona kwa mbali wakishuka na ndoo zao za unga kichwani, mikono inapunga.

Mtu wa sinema alikuja. Hakudanganya, alikuja aliporudi kutoka Muheza, na mkungu wa ndizi juu ya gari kwa ajili ya mgonjwa. Wazee walifurahi mno. Katibu akawaambia mashine haipo, mnatengua nini? Wakamjibu kwamba neno lipo hata kama mashine haipo, na mashine nyingine ikija siku moja itakuta kiwanja kisafi. Baba mkwe akabebwa kwenye kiti mpaka kwenye ile nyumba tuliyoibebea mawe. Ndani kulikuwa na saruji, na vyuma vya kufungia vilivyokatwa, vimesimama juu kama vidole. Mzigua akapewa kiberiti. Akapuliza maji juu ya saruji. Kisha wakaanza kutaniana upya, mzee anamwambia amemlipa mguu kwa ndizi mbichi, yeye anasema mguu wenyewe ulikuwa mzee, haukuwa na bei. Kicheko chao kilifika mpaka jikoni.

Nasema jikoni kwa sababu ndiko nilikokuwa. Mgeni lazima ale, jogoo alikwisha chinjwa, na unga ulikuwa haupo. Mama mkwe alikuja akasimama mlangoni. Alijua siku ile ni siku gani. Mwalimu alikuwa anapima watu shuleni, mmoja mmoja, wanasoma kwa sauti.

"Mwanangu," akasema. Akauchukua mchi wa pili mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu niolewe. "Tutwange wawili. Labda utawahi."

Tulitwanga kwa kupokezana, wake ukipanda wangu unashuka. Kutoka shuleni nilimsikia wifi anasoma. Alisoma polepole, akakwama, akarudi nyuma, akalipata neno, na watu wakampigia makofi. Halafu mwalimu akaita jina langu. Aliliita tena. Mama mkwe akasimamisha mchi, akanitazama, na wote wawili tukatazama kinuni. Mahindi yalikuwa bado chenga.

"Bado," nikasema, nikainua mchi.